Hivi Nairobi 1999, nani hasa alimtoa Öcalan? Wajuzi wa historia karibuni

#1 MtuWaReli
Wakuu, salaam.

Mwezi wa saba 2025 ilisambaa video ya mzee mwenye nywele nyeupe, kavaa fulana ya kola, kakaa na wafungwa wenzake, anawaambia watu wake kwamba zama za bunduki zimekwisha. Huyo ni Abdullah Öcalan, mwanzilishi wa PKK, chama cha Wakurdi wa Uturuki. Tangu 1999 alikuwa hajaonekana kwenye video hata mara moja.

Sasa kilichonikosesha usingizi siyo video. Ni kwamba huyu bwana alikamatiwa hapa jirani, Nairobi, tarehe 15 Februari 1999! Mimi mwaka huo nilikuwa darasa la sita, redio ya mzee inaunguruma sebuleni kila jioni, lakini sikumbuki kitu.

Swali: nani hasa alimtoa? Nimesoma huku na kule, kila mtu ana mchawi wake. Wagiriki, Wamarekani, Mossad (majasusi wa Israel), serikali ya Moi. Mimi naegemea kwa Wagiriki. Karibuni, ila msilete chai.

#2 bisi_na_soda
Siti ya mbele. Bisi ninazo.

#3 KijanaWaMbagala
Si ndiye huyu aliyekuja kuwa rais wa Iraq baada ya Saddam?

#4 Mwalimu Mstaafu
#3 hapana kijana. Rais wa Iraq alikuwa Jalal Talabani, 2005 hadi 2014, naye ni Mkurdi lakini wa upande wa Iraq. Wakurdi wamegawanywa nchi nne: Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwafungulia mlango wa kupata nchi yao, ule wa Lausanne wa 1923 ukaufunga. Kwa hiyo kila upande ukazaa viongozi wake, na mara nyingi viongozi hao hawapikiki chungu kimoja. Talabani na ukoo wa Barzani walipigana wao kwa wao miaka ya 1990, na wote wawili kwa nyakati tofauti walipambana na PKK ya Öcalan.

#5 KijanaWaMbagala
Asante mwalimu. Kwa hiyo Waarabu walikuwa wanagombana wao kwa wao.

#6 Mwalimu Mstaafu
Kijana, unataka nipandishe presha. Wakurdi si Waarabu wala si Waturuki. Lugha yao ni ndugu ya Kiajemi.

#7 Ami Shariff
Na Salahuddin al-Ayyubi, mkombozi wa Baytul Maqdis, alikuwa Mkurdi. Mwambieni kijana huyo labda ataelewa.

#8 Mwalimu Mstaafu
Naona niweke maisha yake hapa ili tujue tunamzungumzia nani, halafu mwendelee na kukamatwa kwake.

Alizaliwa kijiji cha Ömerli, wilaya ya Halfeti, mkoa wa Urfa, kusini mashariki mwa Uturuki. Mwaka unatajwa 1948 au 1949, wazee wangu wa vijijini mnaelewa mambo ya tarehe za kuzaliwa. Familia ya wakulima maskini. Akasomea mambo ya ardhi na hati Ankara, akaajiriwa ofisi ya ardhi Diyarbakır. Baadaye akaingia chuo kikuu, akaishia sayansi ya siasa Ankara. Mwaka 1972 akakamatwa kwenye maandamano ya wanafunzi, akakaa miezi saba gereza la kijeshi la Mamak. Huko ndiko alikokomaa. Tarehe 27 Novemba 1978, katika kijiji cha Fis, Diyarbakır, yeye na wenzake wachache wakaanzisha PKK. Wakati ule ilikuwa ya Kimarx, ikitaka Kurdistan huru.

1979 akavuka kwenda Syria. Bahati ilikuwa yake, maana mwaka uliofuata, Septemba 1980, jeshi la Uturuki likapindua serikali na kuwasomba wenzake wengi. Yeye akabaki Damascus karibu miaka 20, wapiganaji wake wakifunzwa bonde la Bekaa, Lebanon. Tarehe 15 Agosti 1984 wakashambulia miji ya Eruh na Şemdinli, vita vikaanza. Vimekula watu zaidi ya 40,000.

#9 Sangara Mkavu
Kumbe alianza kama mtu wa ardhi! Angekuwa kwetu angeuza kiwanja kimoja kwa watu wanne, asingehitaji mapinduzi.

#10 bisi_na_soda
#9 🤣🤣

#11 Ami Shariff
Watu wake humwita "Apo". Ni kifupi cha Abdullah, lakini kwa Kikurdi neno hilo ni ndugu wa baba. Yaani kwetu pwani tungemwita Ami. Kwa hiyo heshima humu ndani, mnamjadili mwenzangu.

#12 Sangara Mkavu
Apo sasa!

#13 Mwalimu Mstaafu
#12 nilijua tu utasema hivyo. Niongeze kwamba Öcalan, jina la ukoo, kwa Kituruki ni "mlipa kisasi". Linatamkwa karibu na "Öjalan", hiyo C yao ni J yetu.

#14 Otis wa Buru
Wasee, mimi nilikuwa Nairobi. Nilikuwa nauza magazeti pale karibu na Railways.

Kwanza mkumbuke hali ya mji ilikuwa aje. Agosti 7, 1998, bomu lililipuka ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Watu 213 walikufa Nairobi, na nyinyi Dar mkapoteza 11 siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimetumwa kuchukua deni River Road, ndiyo maana niko hapa naandika. Miezi sita baadaye bado mji ulikuwa na uoga. Na ulijaa Wamarekani, FBI na wengine ambao hawakusema wanafanya kazi gani.

Sasa jiulizeni, mtu anayetafutwa na Interpol, unamtoa Ulaya unamleta mji wenye majasusi wengi kuliko mji wowote Afrika wakati huo? Huyo aliyechagua Nairobi alikuwa mjinga ama alijua anachofanya. Mimi nasema ni Wamarekani. Wagiriki walitumika tu.

Asubuhi habari ilipotoka nilimaliza magazeti yote kabla ya saa tatu. Hakuna aliyejua Mkurdi ni nani, lakini wote walinunua.

#15 MtuWaReli
#14 hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Lakini mkuu, walioamua aende Nairobi ni Wagiriki. Huwezi kuwaosha kirahisi hivyo.

#16 Wakili Uchwara
Nimefika. Samahani nilikuwa na faili za watu.

Wengi mnaanzia mwisho. Hadithi inaanza Oktoba 1998. Uturuki ilipeleka jeshi mpakani ikaiambia Syria: mtoe huyu au tunaingia. Hafez al-Assad akapima, akamwambia mgeni wake atafute njia. Tarehe 9 Oktoba akaondoka Damascus. Akajaribu Athens, wakamkatalia. Akaenda Urusi. Bunge la Duma likapiga kura apewe hifadhi, serikali ya Primakov ikakataa. Tarehe 12 Novemba akatua Rome. Italia ya D'Alema ikakwama. Kumrudisha Uturuki haikuwezekana kwa kuwa kulikuwa na adhabu ya kifo, na kumpa hifadhi kungeleta ugomvi mkubwa. Waturuki wakasusia bidhaa za Italia. Ujerumani ilikuwa na hati ya kumkamata lakini haikuomba apelekwe kwake, iliogopa moto nyumbani, maana Waturuki na Wakurdi wote wamejaa kule.

Januari 16, 1999 akaondoka Italia. Urusi tena, Ugiriki tena, Minsk, akajaribu Uholanzi, ndege haikuruhusiwa kutua. Ndipo Wagiriki wakamrusha kutoka Corfu hadi Nairobi, tarehe 2 Februari.

Kwa hiyo "aliyemtoa" ni nani? Mimi nasema Ulaya nzima. Kila mlango aliobisha ulifungwa kwa adabu.

#17 mnyalukolo_11
Acheni kuzunguka. Ni Mossad. Waliingia ubalozi wa Ugiriki usiku, wakamtoa na pingu, wakampakia. Hii ipo wazi.

#18 Wakili Uchwara
#17 ipo wazi wapi? Hakuna aliyevamia ubalozi. Alikuwa kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki, bwana George Kostoulas, na alitoka kwa miguu yake. Hayo yamo kwenye hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kesi ya Öcalan dhidi ya Uturuki, hukumu ya mwisho Mei 12, 2005. Nawawekea kwa lugha yetu:

Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilisema ndege iliyomleta iliingia saa tano na nusu asubuhi tarehe 2, akiwa na maofisa wa Ugiriki, na hakupita kwenye ukaguzi wa pasipoti. Balozi alipoulizwa kama mgeni wake ni Öcalan akakana. Alipobanwa akakubali.

Tarehe 15 balozi akarudi kutoka kwenye kikao na Waziri wa Kenya akamwambia mgeni wake kwamba yuko huru kuondoka, na kwamba Uholanzi iko tayari kumpokea. Maofisa wa Kenya wakaja na magari. Balozi akataka kupanda naye gari moja, kukawa na mabishano, mwishowe Öcalan akapanda gari lililoendeshwa na ofisa wa Kenya. Njiani kuelekea uwanja wa ndege gari lile likachepuka kutoka kwenye msafara, likapita njia ya watu wa usalama hadi kwenye ndege. Ndani kulikuwa na Waturuki. Ilikuwa kama saa mbili usiku.

#19 BintiPangani
Hapo "likachepuka" nimesisimka. Yaani unajua unaenda Uholanzi, unafungua mlango wa ndege unakuta wenye deni lako.

#20 Otis wa Buru
#18 sawa, naona unataka kutuangushia sisi Wakenya. Dereva alikuwa Mkenya, nimekubali. Lakini dereva hutumwa.

#21 MtuWaReli
#20 hutumwa na nani? Usikimbie.

#22 Otis wa Buru
Na Nyayo, yaani Rais Moi, nani mwingine? Enzi hizo hata jani halikuanguka Nairobi bila Ikulu kujua. Lakini kwa nini Nyayo akubali? Ndiyo nasema Wamarekani. Wakati huo misaada ilikuwa imekauka, wafadhili wametununia. Ukiombwa kitu kidogo kama hiki utakataa?

#23 Wakili Uchwara
Hilo la misaada ni hisia zako, halina karatasi. Kilicho kwenye karatasi ni hiki. Waziri wa Mambo ya Nje, marehemu Bonaya Godana (yule aliyefariki kwenye ajali ya ndege Marsabit 2006), alisema Kenya haikushiriki kumkamata wala kuchagua mtu huyo aende wapi, na haikuwa na mashauriano na Uturuki. Serikali ikasema Wagiriki wameiweka pabaya kwa makusudi miezi michache baada ya bomu, ikataka balozi wao aondolewe mara moja.

Lakini mahakama iligundua jambo moja tamu sana kwetu mawakili. Kenya iliilalamikia Ugiriki. Uturuki haikulalamikiwa. Haikuambiwa "mmemkamata mtu kwenye ardhi yetu, mrudisheni." Mahakama ikaona kwamba kwa kunyamaza huko huwezi kusema Uturuki iliingilia mamlaka ya Kenya. Mwenye nyumba hajaita mwizi.

#24 Sangara Mkavu
Mwenye nyumba hajaita mwizi, na mlango alifungua mwenyewe, na taa akazima. Kula chuma hicho Otis.

#25 mnyalukolo_11
Sawa si Mossad waliovamia, lakini walihusika. Ndiyo maana Wakurdi walivamia ubalozi wa Israel Berlin siku mbili baadaye.

#26 Mama Cologne
Nakaa Ujerumani tangu 1996, niruhusuni. Ulikuwa ubalozi mdogo wa Israel Berlin, Februari 17. Walinzi wakafyatua risasi, Wakurdi watatu wakafa pale, wa nne baadaye. Netanyahu alikana kabisa kwamba Israel ilihusika. Kwa hiyo ile damu ilimwagika kwa uvumi kama huu wako kaka #17.

Wiki ile sitaisahau. Balozi za Ugiriki na Kenya zilivamiwa miji mingi Ulaya. Mimi nilikuwa nafanya usafi ofisini kwa watu, na pasi yangu ni ya Tanzania. Kwenye tramu kijana mmoja wa Kikurdi akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akaniangalia, akauliza, "Karibu na Kenya?" Nikasema ndiyo, lakini ni nchi mbili! Akacheka, akanipisha kiti. Lakini moyo ulishanitoka.

Hadi leo kila Februari huandamana na bendera zao na picha yake, ingawa PKK imepigwa marufuku hapa tangu 1993. Mabango mengine polisi huyakamata kwa sababu ya ile picha tu.

#27 BintiPangani
#26 pole dada, na asante.

Mimi naomba niulize upande mwingine. Huyu ni gaidi au mpigania uhuru? Maana humu tunamhurumia sana.

#28 Ami Shariff
Swali hilo halijawahi kumaliza mjadala wowote duniani.

#29 Mwalimu Mstaafu
#27 Uturuki, Marekani na Umoja wa Ulaya waliiweka PKK kwenye orodha ya magaidi. Na si bure. Waliua walimu waliopelekwa vijijini na serikali, wakaua familia za walinzi wa vijiji (wenyeji waliopewa silaha na serikali), hadi wanawake na watoto. Ndani ya chama chenyewe waliompinga Apo wengine walimalizwa. Mimi kama mwalimu, hilo la walimu silisamehi.

Upande wa pili jeshi lilihamisha vijiji karibu 3,000 miaka ya 1990, vingi vikachomwa. Na kabla ya hapo, sheria ya 1983 ilipiga marufuku lugha ya Kikurdi. Ilifutwa 1991. Mwaka huo huo mbunge mwanamke, Leyla Zana, alipoapishwa bungeni akaongeza sentensi moja ya Kikurdi kuhusu undugu wa Waturuki na Wakurdi. Bunge likalipuka. Baadaye akala miaka kumi gerezani, 1994 hadi 2004.

#30 BintiPangani
Miaka kumi! Kesi ilikuwa hiyo sentensi?

#31 Mwalimu Mstaafu
Rasmi alihukumiwa kwa kuhusishwa na PKK. Lakini kila mtu anakumbuka ile sentensi.

#32 Mama Cologne
Na herufi jamani. Q, W na X hazimo kwenye alfabeti ya Kituruki, kwa hiyo Mkurdi akiandika Newroz, sikukuu yao ya mwaka mpya, kwa W kwenye kadi ya mwaliko alikuwa anaweza kushtakiwa. Mpaka 2013 ndipo wakaachiwa.

#33 Sangara Mkavu
Tungepigwa marufuku W sisi Waswahili, taifa lingekufa siku hiyo hiyo. atu atatu alienda apo...

#34 bisi_na_soda
#33 nimemwaga soda 😂 "atoto ana lia"

#35 Ami Shariff
Rudini kwenye mada, enye uzi anasubiri.

#36 Mjasiriamali Kkoo
Habari zenu. Mimi siyo mtu wa historia, naenda Istanbul mara mbili au tatu kwa mwaka kuchukua nguo Laleli. Jamaa ninayechukulia majaketi ni Mkurdi wa Diyarbakır. Miaka yote namjua kama Mturuki, mpaka siku moja akasikia natoka upande wa Kenya. Akanyamaza, akamimina chai, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni jina la Nairobi mara mbili. Hakuongeza neno. Nikadhani labda alidhulumiwa na mteja wa Nairobi! Leo ndiyo naelewa.

Nasafiri mwezi ujao. Nitamuuliza kwa niaba ya jukwaa.

#37 MtuWaReli
#36 usisahau tafadhali. Tunakusubiri.

#38 Wakili Uchwara
Muulize nje ya duka na kwa sauti ndogo. Mambo hayo kule bado ni mazito.

Wakati tunamsubiri, tuendelee na nadharia ya Wagiriki maana mleta uzi anaipenda. Ushahidi wake ni kwamba mawaziri watatu wa Ugiriki walijiuzulu ndani ya siku chache, wa Mambo ya Nje Theodoros Pangalos akiwemo. Öcalan alikuwa ameomba hifadhi kwao, hawakumpa. Alikuwa na pasipoti ya Kupro yenye jina la mtu mwingine. Ofisa usalama wao, Savvas Kalenteridis, ndiye aliyekuwa naye Nairobi, na alikuja kusimulia jinsi Athens ilivyokuwa inamshinikiza amtoe mgeni nje ya nyumba ya balozi. Yaani walimpeleka Nairobi bila mpango wa hatua ya pili, au mpango ulikuwepo na hatuujui.

#39 Ami Shariff
Inasemwa hatua ya pili ilikuwa Afrika Kusini. Na hilo lina mantiki, Mandela mwaka 1992 alikataa tuzo ya amani ya Atatürk aliyopewa na Uturuki. Baadaye Essa Moosa, jaji na mwanasheria wa kule Cape, aliongoza kampeni ya kudai Öcalan aachiwe.

#40 Otis wa Buru
Kwa hiyo angefika kwa Madiba leo hatungekuwa na huu uzi. Ilibaki masaa manne ya ndege.

#41 mnyalukolo_11
Na ile ndege ya Waturuki je? Nani aliiruhusu kutua?

#42 Wakili Uchwara
#41 hatimaye swali zuri. Ilikuwa ndege binafsi ya mfanyabiashara wa Kituruki, Cavit Çağlar, siyo ya jeshi. Masimulizi ya Waturuki wenyewe yanasema iliwekwa kwanza Entebbe, Uganda, ikisubiri ishara. Kisha ikaenda Nairobi. Video iliyopigwa ndani ya ndege ilioneshwa dunia nzima. Amefungwa kitambaa machoni, wanamfungua, wanamkaribisha kwa kejeli kama mgeni wao. Naye akasema anaipenda Uturuki, mama yake ni Mturuki, na yuko tayari kutumikia. Wafuasi wake wanasema alilishwa dawa. Wapinzani wake wanasema siku ile ndipo alipoonesha rangi yake.

#43 BintiPangani
Binadamu akifunguliwa kitambaa akakuta adui wamemzunguka, maneno ya sekunde hiyo mimi simhukumu nayo.

#44 Mwalimu Mstaafu
Kuhusu Wamarekani, Otis ana hoja. Magazeti ya Marekani yenyewe yaliandika siku chache baadaye kwamba watu wao walisaidia kumfuatilia alipo na kuibana milango asipate pa kwenda. Bülent Ecevit, Waziri Mkuu wa Uturuki aliyetangaza habari ile na kushinda uchaguzi wa Aprili 1999, alikuja kukiri miaka ya baadaye kwamba hakuelewa kwa nini Marekani iliwapa Öcalan. Yaani hata aliyepokea mzigo hakujua kwa nini ametumiwa.

#45 Otis wa Buru
Nilisema! Wakili, lete faili yako sasa.

#46 Wakili Uchwara
Kufuatilia siyo kukamata. Narudia, gari halikuendeshwa na Mmarekani.

#47 KijanaWaMbagala
Halafu akahukumiwa kifungo cha maisha.

#48 Mwalimu Mstaafu
Kijana umejitahidi, lakini kwanza alihukumiwa kunyongwa, Juni 29, 1999, kesi ikiwa imesikilizwa palepale kisiwani İmralı, bahari ya Marmara. Kisiwa hicho hicho ndiko walikomnyonga Waziri Mkuu Menderes mwaka 1961. Kamba ilikuwa tayari. Lakini Uturuki ilitaka kuingia Umoja wa Ulaya, ikafuta adhabu ya kifo wakati wa amani, na Oktoba 2002 hukumu yake ikawa maisha. Hadi 2009 alikuwa mfungwa peke yake kisiwani, analindwa na kikosi kizima cha askari.

#49 Sangara Mkavu
Kisiwa kizima mtu mmoja. Sisi Mbagala chumba kimoja watu saba.

#50 BintiPangani
Kwangu mimi maajabu yako hapa, si Nairobi. Mtu amefungwa miaka zaidi ya 25, wageni anaona kwa kibali, na bado watu wenye silaha milimani wanamtii. Akiwa ndani akabadilika, akaacha habari ya kutaka nchi, akaja na kitu alichokiita ukonfederesheni wa kidemokrasia: mabaraza ya mitaa, mazingira, wanawake mbele. Wale wasichana waliopigana na ISIS Kobani, mji wa Wakurdi wa Syria, 2014 walikuwa wanafuata mafundisho hayo. Hata ile kauli ya "Jin, Jiyan, Azadî" (mwanamke, maisha, uhuru) iliyoitikisa Iran 2022 ilikomaa kwenye harakati zao.

#51 mnyalukolo_11
#50 dada, mwanamke mbele wakati mkewe mwenyewe Kesire aliyeanzisha naye chama waliishia uadui?

#52 BintiPangani
#51 hilo nalo kweli. Sikuwa nimesema ni malaika.

#53 Mama Cologne
Kichekesho cha mwisho ni Devlet Bahçeli, kiongozi wa wazalendo wakali wa Kituruki. Mwaka 2007 kwenye mkutano Erzurum aliwarushia watu kamba, akimkejeli Erdoğan kwamba kama hana kamba ya kumnyongea Öcalan basi achukue hii. Oktoba 2024 Bahçeli huyo huyo akasimama bungeni akasema Öcalan aje bungeni aongee, atangaze kuvunja PKK. Mume wangu alidhani nimetafsiri vibaya.

Februari 27, 2025 wito wake ukasomwa Istanbul: wekeni silaha chini, kivunjeni chama. Mei 12 PKK ikatangaza kujivunja. Julai 11 wapiganaji 30 wakachoma bunduki zao kwenye karai kubwa karibu na Sulaymaniyah, upande wa Iraq.

#54 Otis wa Buru
Na sisi Nairobi hatujaacha. 2021 Nnamdi Kanu wa Biafra alichukuliwa Nairobi akaibukia Nigeria. Mwaka huo huo mpwa wa Gülen, yule shehe mpinzani wa Erdoğan, akaibukia Uturuki. Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi. Novemba yake Besigye, mpinzani wa Museveni, akaibukia mahakama ya jeshi Kampala. Ukialikwa Nairobi na una maadui, uliza kwanza gari litapita wapi.

#55 Ami Shariff
#54 Otis umeikana nadharia yako mwenyewe. Hawa wote nao ni Wamarekani waliowatoa?

#56 Otis wa Buru
Ami, nimechoka, nitarudi kesho.

#57 Mjasiriamali Kkoo
Nimerudi wakuu. Mzigo upo bandarini, mwili upo Kariakoo.

Nilimuuliza. Tulitoka nje kama wakili alivyosema, tukanywa chai kwenye vile viti vidogo. Nikamwambia, watu kwetu wanabishana nani alimtoa Apo. Alicheka sana. Akasema hata wao nyumbani kwao wanabishana, baba yake anasema Wagiriki, kaka yake Wamarekani. Yeye anasema kosa lilitokea Damascus. Siku ile alipoambiwa aondoke kulikuwa na njia mbili, milimani kwa wapiganaji wake au Ulaya kwa wanasiasa, naye akachagua Ulaya akidhani watamsikiliza. Nikamuuliza, kwa hiyo Wakenya hamna kinyongo nao? Akasema dereva yule angependa kumuona siku moja, amuulize tu aliambiwa amebeba nani.

Nikamuuliza kuhusu kuvunja PKK. Akatazama huku na huku, akasema tuingie dukani.

#58 MtuWaReli
Huyo dereva... kama yupo hai ana miaka mingapi sasa? Otis, hujui mtu anayemjua mtu?

#59 Otis wa Buru
Hata ningejua ningekuambia hapa?

#60 Sangara Mkavu
#57 majaketi yamekuja ya saizi gani, na bei ni ileile ya mwaka jana?